Kunakili diski nzima kwa amri moja, na kuirudisha bila kujiletea msiba

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa anahangaika na seva mbili za hifadhidata. GitLab inawahifadhia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, hivyo seva zile zilibeba jasho la watu wengi. Moja ilikuwa hai, nyingine ilikuwa ya akiba na ilikuwa imegoma kwenda sambamba na mwenzake. Mhandisi akaamua kufuta data kwenye ile ya akiba ili aianze upya.

Akachapa amri, akabonyeza Enter. Sekunde moja au mbili baadaye akashtuka: kumbe yuko kwenye seva iliyo hai. Aliisimamisha amri hapo hapo, lakini kati ya takriban GB 300 zilizokuwepo, zilibaki GB 4.5 hivi.

Kosa la pili lilijitokeza walipokwenda kuchukua nakala rudufu. Hazikuwepo. Programu iliyotakiwa kuzitengeneza kila siku ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo ilikuwa inafeli kimya kimya. Barua pepe za kutoa taarifa ya kufeli nazo zilikuwa zinakataliwa kabla hazijamfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yule yule aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Data iliyoingizwa kwenye hifadhidata ndani ya zile saa sita ilipotea. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani, jambo ambalo kampuni nyingi zisingethubutu.

Mwenye laptopu moja nyumbani hana hifadhidata ya GB 300. Lakini siku anapoamua kunakili diski yake kwa amri, anakutana na hatari zile zile mbili: amri sahihi kupigwa mahali pasipo sahihi, na kuamini nakala ambayo hajawahi kuifungua.

Amri yenye herufi mbili

Kwenye Linux na Mac, amri ya kazi hii inaitwa dd na imo ndani ya mfumo tayari, hakuna cha kusakinisha. Ni ya zamani kuliko wengi wanaoitumia leo, ilikuwepo kwenye Unix tangu miaka ya 1970. Uandishi wake wa ajabu, wenye alama za sawasawa kila mahali, unafanana na lugha ya kompyuta kubwa za IBM za wakati ule.

Kinachoitofautisha dd na kunakili folda kwa kipanya ni kwamba yenyewe haijui faili wala folda. Inasoma diski baiti kwa baiti, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kuandika ilichosoma mahali pengine. Inabeba kila kitu: Windows au Linux iliyomo, mgawanyo wa diski, sehemu inayoiwasha kompyuta, programu, nywila, hata mabaki ya mafaili yaliyofutwa ambayo nafasi yake haijaandikwa upya.

Hapo ndipo faida yake ilipo. Aliyenakili folda ya picha na nyaraka atabaki nazo diski ikifa, lakini itabidi asakinishe mfumo upya, atafute programu moja moja na kuingiza leseni tena. Mwenye nakala ya diski nzima anaimwaga kwenye diski mpya, anawasha, anaendelea alipoishia.

Diski haipigwi picha ikiwa inakimbia

Wengi hukosea hapa kabla hata ya kuchapa amri. Diski ambayo mfumo wake umewashwa inaandikwa kila dakika. Ukinakiliwa ukiwa hivyo, mwanzo wa nakala unaweza kuwa wa saa nne asubuhi na mwisho wake wa saa sita mchana, na vipande hivyo viwili visielewane.

Dawa yake ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, kama Ubuntu, na kuchagua kujaribu bila kusakinisha. Mfumo unaendeshwa kutoka kwenye flashi na diski ya ndani inakaa kimya. Kama diski ni ya Windows, kwanza izimwe kikamilifu kutoka kwenye dirisha la amri kwa

shutdown /s /t 0

kwa sababu kitufe cha kawaida cha kuzima mara nyingi huiacha Windows imelala nusu ili iwake haraka kesho yake. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, nakala nayo itakuwa imefungwa vile vile. Ufunguo wa kuifungulia utunzwe mahali pengine, nje ya kompyuta hiyo.

Nani ni nani

Sasa inachomekwa diski ya nje ya kupokea nakala, kisha inachapwa:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,MOUNTPOINT

Amri hii haibadilishi kitu, inaonyesha tu. Italeta orodha ya diski zote: jina, ukubwa, modeli, namba ya utambulisho na mahali zilipounganishwa. Diski huwa na majina kama sda, sdb au nvme0n1. Yakiongezwa namba mwishoni, kama sda1 au nvme0n1p2, hayo ni mafungu ya ndani ya diski, siyo diski nzima.

Dakika tano zinazotumika hapa zina thamani kuliko kitu kingine chochote kwenye zoezi zima. Majina haya hayakuandikwa kwenye diski, yanagawiwa upya kila kompyuta inapowashwa. Iliyokuwa sda jana inaweza kuwa sdb leo kwa sababu tu flashi imechomekwa tundu lingine. Kwa hiyo kukariri haitoshi, wala kunakili amri kutoka kwenye video ya mtu mwingine. Kompyuta ya mtu huyo siyo hii.

Mafundi waangalifu wana mchezo mmoja mwepesi. Wanachapa lsblk, wanachomoa diski ya nje, wanachapa tena. Jina lililopotea ndilo la diski ya nje. Wanairudisha, wanachapa mara ya tatu, halafu wanaliandika jina kwenye karatasi pamoja na ukubwa wake. Diski mbili zikiwa na ukubwa mmoja, namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye mgongo wa diski ndiyo inayoamua ugomvi.

Kunakili

Tuseme diski ya ndani ni sda, na diski ya nje imepewa jina AKIBA. Amri inakuwa hivi:

sudo dd if=/dev/sda of=/media/ubuntu/AKIBA/laptop.img bs=4M status=progress conv=fsync

Baada ya if= huandikwa chanzo, yaani data inakosomwa. Baada ya of= huandikwa inakokwenda, na chochote kilichokuwa hapo kinaandikwa juu yake. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha kuhifadhi na kufuta. dd haiulizi "una uhakika?" wala haina kapu la taka. Ndiyo maana watumiaji wa Linux wameipa jina la utani, mharibifu wa diski.

Njia inayofuata of= lazima iwe ile iliyoonekana kwenye lsblk. Na mtu asipoweka jina la faili mwishoni, akaandika of=/dev/sdb, hapo hatengenezi faili ndani ya diski ya nje. Anaifuta diski ya nje yenyewe na kuigeuza pacha wa ile ya ndani. Wapo wanaotaka hivyo, lakini wafanye kwa kukusudia.

Vilivyobaki ni vya kurahisisha. bs=4M inaiambia dd ibebe mzigo wa MB 4 kwa safari moja. Ikiachwa hivi hivi hubeba baiti 512, ni sawa na kuhamisha mchanga kwa kijiko. status=progress inaonyesha kazi imefika wapi, na conv=fsync inahakikisha data imeshuka kweli kwenye diski kabla amri haijasema imemaliza.

Muda unategemea diski na kebo. Diski ya GB 500 inayosomwa kwa MB 100 kwa sekunde huchukua kama saa moja na dakika 25. Kwa kebo na tundu la zamani la USB 2.0, ambako mwendo mara nyingi ni MB 30 hivi, kazi hiyo hiyo inaelekea saa nne na nusu. Laptopu iwe kwenye chaja, na mahali ambapo umeme una tabia ya kukatika, betri iwe imejaa.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: diski ya GB 500 yenye mafaili ya GB 60 tu hutoa nakala ya GB 500. dd haijui sehemu ipi ni tupu. Nakala inaweza kubanwa papo hapo:

sudo dd if=/dev/sda bs=4M status=progress | gzip > /media/ubuntu/AKIBA/laptop.img.gz

Itapungua, ila kwa kiasi gani inategemea kilichomo. Video na picha hazibaniki sana, na sehemu zenye mabaki ya mafaili yaliyofutwa huonekana kama zimejaa.

Na diski ya nje ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, kazi itakwama ikifika GB 4, maana FAT32 haipokei faili kubwa kuliko hapo. Itumike exFAT, NTFS au ext4.

Nakala isiyojaribiwa

Dirisha likishaandika kwamba kazi imekwisha, wengi huchomoa diski na kwenda zao. GitLab nao waliamini kwamba nakala zao zipo.

Jaribio la kwanza ni kulinganisha alama za vidole za diski na za nakala:

sudo sha256sum /dev/sda
sha256sum /media/ubuntu/AKIBA/laptop.img

Kila amri hutoa mstari mrefu wa herufi na namba. Mistari ikifanana, nakala ni sawa na diski hadi baiti ya mwisho. Ikitofautiana hata herufi moja, kuna kitu hakikwenda sawa, au diski iliguswa katikati. Kwa nakala iliyobanwa, inafunguliwa kwanza bila kuihifadhi:

gunzip -c /media/ubuntu/AKIBA/laptop.img.gz | sha256sum

Inachosha, kwa sababu diski inasomwa yote tena. Lakini inafanyika yenyewe mtu akila.

Jaribio la pili ni la macho, na ndilo linalotuliza roho. Faili la nakala linaweza kufunguliwa kama diski halisi, kwa kusoma tu:

sudo losetup -r -fP --show /media/ubuntu/AKIBA/laptop.img

Amri hii itajibu kwa jina, mathalani /dev/loop8. Kisha:

sudo mount -o ro /dev/loop8p2 /mnt

Hiyo p2 ni fungu la pili, namba inaweza kuwa tofauti, na lsblk itaonyesha lipi ni lipi. Baada ya hapo folda zinaonekana ndani ya /mnt. Ifunguliwe picha moja, waraka mmoja na lile faili la hesabu ambalo likipotea ofisi itasimama. Njia hii pia humsaidia anayetaka kurudisha faili moja tu bila kugusa mengine. Ukimaliza ni sudo umount /mnt, kisha sudo losetup -d /dev/loop8.

Kurudisha

Kurudisha ni kuigeuza amri, chanzo kinakuwa faili na diski inakuwa mpokeaji:

sudo dd if=/media/ubuntu/AKIBA/laptop.img of=/dev/sda bs=4M status=progress conv=fsync

Kwa iliyobanwa:

gunzip -c /media/ubuntu/AKIBA/laptop.img.gz | sudo dd of=/dev/sda bs=4M status=progress conv=fsync

Zoezi la lsblk linarudiwa lote, hata kama lilifanyika nusu saa iliyopita. Safari hii anayefutwa ni diski ya ndani, au ile yenye nakala, jina likikosewa.

Diski mpya lazima iwe na ukubwa ule ule au zaidi. Hapa kuna mtego: diski mbili zilizoandikwa GB 500 na watengenezaji tofauti zinaweza kupishana kidogo, na hicho kidogo kinatosha kukata mwisho wa nakala. Ukubwa halisi kwa baiti hupatikana kwa

sudo blockdev --getsize64 /dev/sda

Diski mpya ikiwa kubwa zaidi, nafasi ya ziada itakaa bure mpaka ipanuliwe. Diski nyingi za siku hizi hutumia mgawanyo wa GPT, ambao huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski. Baada ya kuhamia diski kubwa, mwisho huo unabaki katikati. sudo sgdisk -e /dev/sda inaurudisha mahali pake, halafu GParted inaweza kupanua fungu.

Diski ya zamani na pacha wake zisiwashwe pamoja kwenye kompyuta moja. Zina vitambulisho vinavyofanana, na mfumo unaweza kuwaka ukitumia isiyokusudiwa. Mtu akafanya kazi siku nzima kwenye diski ambayo alikuwa anapanga kuitupa.

Diski inayokaribia kufa

Hali hubadilika diski ikianza kutoa mlio wa tik tik, kompyuta kuganda kila faili likifunguliwa, au mafaili kukataa kusomeka. dd ya kawaida husimama ikikutana na kosa la kwanza la kusoma. Kuna wanaoongeza conv=noerror,sync ili iruke makosa, lakini siyo chombo kizuri kwa mgonjwa wa namna hii.

Chombo chake ni GNU ddrescue. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi chake kinaitwa gddrescue, ila amri ni ddrescue. Chenyewe huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, kikaziacha zile korofi za mwisho, wakati diski bado ina pumzi:

sudo ddrescue -n /dev/sda /media/ubuntu/AKIBA/mgonjwa.img /media/ubuntu/AKIBA/mgonjwa.map

Baada ya hapo kinarudi kwenye sehemu zilizogoma na kuzijaribu mara tatu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /media/ubuntu/AKIBA/mgonjwa.img /media/ubuntu/AKIBA/mgonjwa.map

Lile faili la .map ni daftari la kazi. Linaandika nini kimeshasomwa na nini bado. Umeme ukikatika katikati, amri ile ile ikirudiwa inaendelea ilipoishia. Bila faili hilo kazi inaanza upya, na diski iliyochoka huenda isivumilie safari ya pili.

Diski inayogonga kwa sauti, yenye data ambazo hazina mbadala, isijaribiwe nyumbani kabisa. Kila ikiwashwa inaweza kuwa ndiyo mara ya mwisho. Izimwe, ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa data mwenye vifaa vya kuifungua.

Windows, Mac na matumizi ya kila siku

Windows haina dd, lakini ina wbadmin. Kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa haki za msimamizi:

wbadmin start backup -backupTarget:E: -include:C: -allCritical -quiet

Hapo E: ni diski ya nje. Kwenye Mac, orodha ya diski hutolewa na diskutil list, na dd hukimbia zaidi ikiandikiwa /dev/rdisk2 badala ya /dev/disk2. Namba nayo ithibitishwe kwanza.

Kunakili diski nzima siyo kazi ya kila jioni. Inafaa kabla ya kubadilisha diski, kabla ya kusakinisha mfumo mpya, au mashine ikishapangwa vizuri. Kwa nyaraka za kila siku rsync inatosha, kwani hunakili kilichobadilika tu:

rsync -a /home/ubuntu/Documents/ /media/ubuntu/AKIBA/Documents/

Kuna wanaoongeza --delete ili pande zote zifanane. Wakumbuke kwamba faili likifutwa kwa bahati mbaya leo, kesho rsync italifuta na kule kwenye akiba.

Nakala yenyewe nayo ina thamani kwa mwizi. Kama diski haikuwa imefungwa kwa siri, faili moja la .img lina barua pepe, nywila zilizohifadhiwa na picha zote za familia. Amri gpg -c laptop.img.gz hutengeneza nakala iliyofungwa kwa neno la siri. Ile isiyofungwa hubaki pale pale mpaka ifutwe, jambo ambalo wengi husahau.

Na kama mkono umeshateleza, of= ikaelekezwa kwenye diski isiyo yake, ni kubonyeza Ctrl na C mara moja. Kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde, sekunde tano zimefuta kama MB 500 za mwanzo. Hizo hazirudi, na humo mara nyingi ndimo lilimo jedwali la mgawanyo, kwa hiyo diski itaonekana tupu. Lakini sehemu kubwa ya mafaili bado ipo. Diski hiyo isifomatiwe wala kuandikwa chochote, hata Windows ikipendekeza. Inanakiliwa kwanza kama ilivyo kwenda diski nyingine, kisha TestDisk inatumika kwenye hiyo nakala kutafuta mafungu yaliyopotea. Ikishindikana, PhotoRec huokota mafaili moja moja, japo mengi yatarudi bila majina yake.